Mgeni, Jembe na Moshi wa Nairobi

Mamangu alitembea kutoka Kangemi hadi Westlands kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa anatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu asubuhi, anafuata Waiyaki Way, anafika kazini akiwa ameokoa nauli. Ile nauli ndiyo ilikuwa unga wa jioni. Ukitembea barabara moja miaka yote hiyo unaijua kwa miti yake. Mamangu hakuwa mtu wa kutaja stage. Alikuwa anasema, "Tupatane pale kwa mugumo," na mimi najua ni wapi.

Mwaka 2020 miti mingi ilikatwa ili kupisha Nairobi Expressway, na ule mugumo wa Westlands ulikuwa njiani. Ni mti wa zaidi ya miaka mia moja, mrefu kama jengo la ghorofa nne, na kwa Wagikuyu mugumo si mti wa kukatwa ovyo. Watu wakapiga kelele, mtandaoni na kando ya barabara, mpaka Novemba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri kwamba mti uachwe. Ukaachwa. Mamangu alifurahi, lakini aliuliza swali ambalo limenikaa kichwani tangu siku hiyo: "Na hii barabara yenyewe ni ya nani?"

Swali fupi, jibu refu. Ardhi ni ya Kenya. Aliyejenga ni China Road and Bridge Corporation, na kampuni yake tanzu, Moja Expressway, ndiyo inayokusanya ada ya magari kwa miaka 27 kabla ya kutukabidhi. Huu ndio unaoitwa uwekezaji wa moja kwa moja wa kigeni. Mtu wa nje hakukopeshi pesa halafu akakaa kwao kungoja riba. Anakuja mwenyewe, anajenga kitu, anakiendesha, na faida yake anaivuna papo hapo kilipo.

Wachumi wana swali lao kuhusu pesa za aina hii: zikiingia, hewa ya kaboni inayotoka katika nchi mwenyeji inaongezeka ama inapungua? Wamegawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema kampuni hukimbia sheria kali za kwao na kuleta kazi chafu mahali sheria zimelegea, kwa hivyo nchi maskini inageuzwa jaa. Kambi ya pili inasema mgeni huja na mashine mpya na ujuzi mpya, wenyeji wanaiga, na hewa inakuwa safi kuliko kama asingekuja.

Mimi sina maabara. Nina barabara moja tu niliyokulia kando yake. Lakini ukiifuata Waiyaki Way kurudi nyuma kama miaka 130, utaona kambi zote mbili zinamtazama mgeni peke yake, na zimemsahau mwenyeji. Methali tunayoisikia kwenye kila kongamano la wawekezaji ni ile ya mgeni njoo, mwenyeji apone. Kuna nyingine ambayo huwa haialikwi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Historia yetu ya moshi iko ndani ya hiyo ya pili. Je, ni nani aliyechagua jembe?

*

Tuanze na jina la barabara. Waiyaki wa Hinga alikuwa kiongozi wa Wagikuyu wa upande wa Dagoretti na Kabete, yaani hapa hapa kwetu magharibi mwa Nairobi, wakati Nairobi yenyewe haijakuwepo. Mwaka 1888 kampuni ya William Mackinnon, Imperial British East Africa Company, ilipata hati ya kifalme ya kufanya biashara na kutawala huku. Ilikuwa kampuni kabisa, yenye wenye hisa waliotaka faida. Oktoba 1890 mtu wake, Frederick Lugard, akiwa safarini kwenda Uganda, alifika Dagoretti, akala kiapo cha udugu na Waiyaki, akajenga ngome.

Alichotaka kampuni pale ni chakula cha misafara. Udugu haukudumu. Watu wa ngome na majirani zao waligombana na ngome ikaachwa. Mwaka 1891 kampuni ikajenga nyingine, Fort Smith, kule Kabete. Agosti 1892 Waiyaki akakamatwa, akapelekwa njia ya pwani, na akafia Kibwezi. Masimulizi ya Wagikuyu yanasema alizikwa akiwa hai. Kwa hivyo barabara ambayo leo inaishia kwenye mradi wa kampuni ya kigeni imepewa jina la mtu aliyekuwa wa kwanza hapa kukaa meza moja na kampuni ya kigeni, na hakutoka salama.

Kampuni nayo ilifilisika, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikachukua eneo lote. Reli ambayo kampuni ilishindwa kuijenga ikajengwa na serikali hiyo. Kazi ilianza Mombasa mwaka 1896, vyuma vikafika kwenye kinamasi cha Nairobi Mei 1899, vikafika Ziwa Victoria mwaka 1901. Gharama ilipita pauni milioni 5. Zilikuwa pesa za walipa kodi wa Uingereza, kwa hivyo kwa lugha ya wachumi huu haukuwa uwekezaji wa kampuni. Lakini zilikuwa pesa za nje zilizojenga kitu cha kudumu na zilitaka kurudi, na ndiyo maana reli ni mwalimu mzuri.

Vichwa vya treni vilikula kuni. Mwaka 1902 mkaratusi wa Australia ulianza kupandwa Kenya ili kulisha treni hizo. Ukiona mikaratusi leo, kumbuka iliingia nchini kama mafuta ya injini. Ukiniuliza kaboni ya reli ilikuwa wapi, jibu rahisi ni kuonyesha ule moshi. Jibu la kweli liko chini zaidi, kwenye udongo.

Reli ilikuwa na deni na haikuwa na mizigo. Serikali ya kikoloni ikawaalika walowezi waje walime vitu vya kusafirisha. Ardhi ikanyang'anywa wenyewe, misitu na malisho vikageuzwa mashamba ya kahawa, chai na ngano. Kaboni iliyokuwa imetulia kwenye miti na udongo ikaachiliwa, kidogo kidogo, kwa miongo. Hata leo sehemu kubwa zaidi ya gesi za joto za Kenya inatoka kwenye kilimo na matumizi ya ardhi, si kwenye mabomba ya viwanda. Treni ilitoa moshi wake, sawa. Lakini uzito ulikuwa kwenye kile ambacho treni ilihitaji ili ijilipe.

Shika hilo, tutalirudia. Mradi wowote ukija, usiulize tu mashine inatoa moshi kiasi gani. Uliza mashine inahitaji nini ili irudishe pesa ya mwenyewe.

*

Mwaka 1991 wachumi wawili, Gene Grossman na Alan Krueger, waliandika kuhusu biashara huria kati ya Marekani na Meksiko na wakagawanya athari zake kwa mazingira katika njia tatu. Ya kwanza ni ukubwa: shughuli zikiongezeka, moshi unaongezeka. Ya pili ni mchanganyiko: nchi inaanza kufanya kazi za aina gani, chafu ama safi? Ya tatu ni mbinu: kazi ileile inafanywa kwa mashine bora ama mbovu? Hesabu ya mwisho ni jumla ya zote tatu. Ndiyo maana mgeni yuleyule anaweza kusafisha hewa nchi moja na kuichafua nchi jirani.

Hapa Nairobi tuna jaribio letu wenyewe la jambo hili, na liko kwenye simu yako. Nunua tokeni za stima za shilingi 200, halafu angalia mchanganuo wa makato. Kuna mstari wa gharama ya mafuta. Kuna mstari wa fedha za kigeni. Je, hiyo mistari ilitoka wapi?

Ilikuwa miaka ya 1990. Serikali, ikisukumwa na wafadhili, iliamua kuruhusu kampuni binafsi kuzalisha umeme na kuuza kwa gridi ya taifa. Wageni wakaja. Mwaka 1997 Iberafrica, kampuni yenye mtaji wa Uhispania, ilianza kuchoma mafuta mazito kwenye mtambo wa Industrial Area, mwendo mfupi kutoka tao. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2000, kampuni ya Ormat ilianza kuzalisha umeme kwa mvuke wa ardhini Olkaria, karibu na Naivasha. Ulikuwa mtambo wa kwanza wa jotoardhi wa kampuni binafsi barani Afrika.

Tazama vizuri. Nchi ni moja, sera ni moja, mnunuzi wa stima ni mmoja, na miaka inakaribiana. Mgeni mmoja akachoma mafuta, mwingine akatoa mvuke. Kama ugeni wa pesa ndio ungekuwa unaamua kaboni, hawa wawili wangefanana.

Kilichowatofautisha ni jembe walilolikuta kwa mwenyeji. Mtambo wa mafuta unasimamishwa haraka, na bei ya mafuta ikipanda, mkataba unaihamishia kwa mteja. Ndiye wewe mwenye tokeni za 200. Hatari yote iko kwako, mgeni amelala usingizi. Tena ukame ulipokuja mwaka 1999 na 2000, mabwawa yakakauka na tukagawiwa stima kwa zamu, nchi haikuwa na subira ya kuchagua. Jenereta za dizeli zilikodiwa.

Mvuke ni kitu kingine. Unachimba kisima kirefu kwa pesa nyingi kabla hujajua kama kuna kitu chini. Hakuna mgeni anayependa kamari hiyo. Lakini Olkaria ilikuwa imetafitiwa kwa miaka mingi, mtambo wa kwanza wa serikali ulikuwa umeanza kazi mwaka 1981, na hata sehemu aliyopewa Ormat ilikuwa na visima vya majaribio vilivyochimbwa kwa pesa za umma. Mwenyeji alibeba hatari ya kwanza, mgeni akaja kumalizia. Mwaka 2008 serikali ilifanya hilo kuwa kazi rasmi kwa kuunda shirika la GDC, lichimbe kwanza ndipo wawekezaji waje kununua mvuke.

Leo zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa gridi yetu unatoka kwa mvuke, maji, upepo na jua. Sisi Wakenya tulikuwa tunaita umeme stima tangu zamani, neno lililokuja na meli za mvuke. Sasa jina limeupata ukweli wake.

Lakini tusijidanganye kwamba hewa safi ni sawa na mikono safi. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, ni moja ya uwekezaji binafsi mkubwa zaidi kuwahi kuingia Kenya. Kwa kaboni, ni mgeni mzuri. Ila mwaka 2021 mahakama ya ardhi ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi zilipatikana kinyume cha utaratibu. Wafugaji wa kule wangekuwa na haki ya kuuliza swali la mamangu: ni ya nani?

*

Kuna jembe, na kuna mlango. Mwenyeji anaweza pia kusema hapana.

Ukiwa tao, nenda Uhuru Park usimame pale Freedom Corner. Mwaka 1989 chama tawala cha KANU kilitaka kujenga hapo jumba la ghorofa 60 la gazeti lake, Kenya Times. Mshirika wake alikuwa Robert Maxwell, tajiri wa magazeti wa Uingereza. Gharama ilitajwa kuwa kama dola milioni 200, nyingi zikiwa za kutoka nje. Wangari Maathai akaandika barua kwa kila mtu aliyemfikiria, pamoja na ubalozi wa Uingereza. Akaenda mahakamani, akashindwa. Bungeni alitukanwa. Shirika lake, Green Belt Movement, likafukuzwa ofisini. Lakini wenye pesa waliona kelele, wakapoa. Mradi ukapunguzwa, halafu ukafa, na mwaka 1992 uzio ukang'olewa.

Kwa hesabu ya kaboni, nyasi za Uhuru Park ni kitu kidogo. Mbinu ndiyo ilikuwa kubwa. Maathai aligundua kwamba mwekezaji wa nje ana woga ambao mwanasiasa wa ndani hana: anaogopa kuaibika kwao na kupoteza pesa kwetu.

Miaka thelathini baadaye mbinu hiyo ilifanya kazi kwenye moshi wenyewe. Kule Lamu kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, kwa kama dola bilioni 2, nyingi zikitarajiwa kutoka China. Nchi yenye mvuke na upepo ilikuwa karibu kujifunga kwenye makaa. Watu wa Lamu, wavuvi wakiwemo, walipinga. Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mradi, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka uliofuata benki kubwa ya China iliyokuwa itoe mkopo ikajiondoa. Kaboni hiyo haipo kwenye takwimu yoyote, kwa sababu haikuwahi kutoka. Ushindi wa aina hii hauna picha.

*

Sasa turudi Westlands, juu ya zile nguzo.

Expressway ina kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi makutano ya James Gichuru. Ilifunguliwa kwa magari Mei 2022. Nitaitendea haki: gari linalokwenda bila kusimama linachoma mafuta kidogo kwa kila kilomita kuliko gari lililokwama kwenye jam ya Mombasa Road. Kwa njia ya mbinu, barabara inasaidia.

Lakini kumbuka somo la reli. Reli ilihitaji mizigo ili ijilipe, ikaitafutia. Barabara ya kulipia inahitaji magari. Kila mtu anayehama kutoka gari lake kwenda kwenye basi ni ada iliyopotea. Kila anayetembea hayupo kabisa kwenye hesabu, na Nairobi takriban safari nne kati ya kumi ni za miguu. Mwenda kwa miguu haruhusiwi kule juu, wala boda. Mamangu, ambaye kwa miaka kumi na tisa alisafiri bila kuchoma tone la petroli, alipata nini? Alipata kivuli cha zege mahali palipokuwa na kivuli cha miti.

Na kuna miaka 27. Mtoto aliyezaliwa siku barabara inafunguliwa atakuwa mtu mzima mwenye kazi mkataba ukiisha. Kenya imeahidi dunia kupunguza gesi zake kwa asilimia 32 ifikapo mwaka 2030, ikilinganishwa na kama tungeendelea hivihivi. Mkataba utakuwa bado mchanga. Mtambo, reli, barabara, vyote ni ahadi kuhusu tabia za watu ambao hawajazaliwa.

Kumbuka pia jinsi vitabu vinavyoandikwa. Faida ya mwekezaji inahesabiwa kwao. Gesi inahesabiwa mahali ilipochomwa, kwa hivyo moshi wa kila gari linalopita pale juu unaandikwa kwa jina la Kenya.

Hakuna kinachosema jembe lazima liwe hili. Tangu mwaka 2022 mabasi ya umeme ya BasiGo yamekuwa kwenye barabara za Nairobi, na pikipiki za umeme za Roam ziko mitaani. Zote mbili zimekuzwa kwa mtaji wa nje, na zinakula stima ambayo nyingi ni ya mvuke na maji. Hebu fikiria barabara ile ile ya angani kama mkataba ungetenga njia moja kwa mabasi pekee, na chini yake njia ya miguu yenye miti. Pesa zingekuwa zilezile za mgeni yuleyule. Kilichokosekana ni mtu upande wetu wa meza wa kusema hivyo kabla ya sahihi.

Meza nyingine zimeshaandaliwa. Mwaka 2024 Microsoft na G42 ya Abu Dhabi walitangaza mpango wa dola bilioni 1, ukianza na kituo cha data Olkaria kitakachotumia mvuke. Ni habari njema, mpaka uulize: mvuke ukichukuliwa na mashine za kompyuta, jioni watu wa Kawangware wakiwasha taa, gridi itaongezewa nini? Kama ni mvuke mwingine, sawa. Kama ni dizeli, basi kaboni ya kituo safi itakuja kwenye tokeni zako, kwenye ule mstari wa mafuta. Hilo ni jambo la kuandikwa kwenye mkataba, na mkataba ni kitu ambacho mwananchi ana haki ya kuomba kuuona. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inasema hivyo.

Jumapili iliyopita nilitembea na mamangu kutoka Kangemi. Magoti hayamruhusu tena kufika mbali, lakini alitaka kuuona mugumo. Tulikaa karibu nao, magari yakinguruma juu na pembeni. Nikamwambia nimepata jibu la swali lake: barabara ni ya kampuni kwa miaka 27, halafu inakuwa yetu.

Akahesabu kwa vidole umri atakaokuwa nao, akacheka.

"Na huu moshi?"

"Huo ni wetu tayari, Mama."

Akafunga leso yake vizuri, akaniambia tutafute mat, jua linawaka na kurudi ni mlima.